Lundo la Nyuma ya Nyumba

Wacha niseme mwenyewe kabla Bosibori hajawasimulia na chumvi zake: lundo nililizoa mimi. Sikutumwa na mtu. Nililizoa kwa mikono hii, siku tatu, wilbaro baada ya wilbaro, na nilipomaliza nilijiona mtu wa maana kweli. Nilioga, nikajipaka mafuta, nikakaa kwenye stuli kuangalia kazi yangu.

Jina nililobatizwa ni Celine Awino, lakini ukija huku kwetu, juu kidogo ya Kapsoit, ukauliza Celine, utazungushwa mpaka uchoke. Uliza Mama Maxine. Mama Maxine wa vyungu. Niliolewa hapa nikiwa na miaka kumi na tisa, na Joab Ooko, fundi wa boila kiwandani, mtu wa Alego, Ujaluoni. Wazazi wake ndio walitangulia kuja huku kufuata kazi ya chai. Baba yake alikuwa anapogoa, na mama yake, Quinter, alikuwa anachuna. Kumbe yule mama alikuwa na kazi nyingine mkononi. Siku alipoona udongo mweusi wa bondeni, ule unaong'ang'ania jembe, alisema sasa amefika kwao. Tangu mwaka wa sabini na nne alikuwa akifinyanga vyungu hapo hapo kwenye robo ekari waliyonunua, na nilipoolewa akanifundisha. Sisi kwetu kazi hiyo mke anaipata kwa mama mkwe.

Mvua ya Kericho haina adabu. Unaamka jua liko sawa, unapanga vyungu vyako, unavifunika na nyasi na yale matawi makavu ya chai yaliyopogolewa, unawasha. Saa nane mawe yanaanguka. Mvua ya mawe juu ya moto wa vyungu, utasikia tu pa, pa, pa, na kila pa ni chungu kimekwenda. Kwa hivyo tuliharibu vyungu vingi kuliko wafinyanzi wa kule ziwani, na mama mkwe wangu hakutaka vipande vitupwe ovyo vikate watoto miguu. Kilichopasuka, kilichopinda, kilichoshikana na mwenzake motoni, vyote vilitupwa mahali pamoja tu, nyuma ya nyumba karibu na ua wa michongoma. Miaka ikaenda. Mama mkwe akafa, Joab wangu naye akafa, na lundo lilikuwa limenifika kifuani.

Mungu alinipa watoto watatu na akachukua wawili kabla hawajatembea. Aliniachia Maxine. Huyo alikulia juu ya lile lundo. Jumamosi kazi yake ilikuwa kubeba vilivyoharibika kwenye karai na kwenda kuvimwaga, na alikuwa na kichwa cha ajabu. Anaokota kipande anakwambia hiki ni cha nyanya, kina alama ya kamba ya nyasi. Hiki ni chako, kina alama ya gunzi la mahindi. Hiki ni cha ile siku mvua ilitupata tukitoka kanisani, baba akavua koti kufunika moto. Joab alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Alisema huyu atakuwa hakimu.

Hakuwa hakimu. Nilimsomesha kwa vyungu, nikivibeba mpaka soko la Kericho na kichwa kikipata upara katikati, na alipofika chuo kikuu Nairobi akachagua akiolojia, ile kazi ya kufukua vitu vya marehemu. Haya, nikasema, pia hiyo ni kazi. Mwaka wa tatu akachagua vyungu. Vyungu! Mimi naungua vidole ili mtoto atoke kwenye vyungu, yeye anapanda basi kwenda kusomea vyungu. Tena si hata hivi vyetu. Vya Waroma, watu waliokufa miaka elfu mbili.

Likizo alikuja akanionyesha picha kwenye simu. Mitungi mirefu ya mashikio mawili, amfora, chini imechongoka. Nikamuuliza kitu kama hicho kinasimamaje. Akasema kilikuwa kinapangwa melini, kimoja kinaegemea kingine, kimejaa mafuta ya zeituni au divai au mchuzi wa samaki, kinapelekwa nchi za mbali. Nikamuuliza, sasa kama vinapatikana kila mahali, mtajuaje vilitengenezwa wapi? Akafurahi sana nilipouliza hivyo. Alisema pale Roma kuna kilima kizima, chote vipande vya amfora, lakini kilima hicho hakisemi vilitoka wapi, kinasema tu viliishia wapi. Ukitaka kujua vilipotengenezwa unatafuta tanuri, na kando ya tanuri unatafuta vilivyoharibika. Vizima vilishaenda na wanunuzi. Kilichopinda motoni hakuna mtu atakibeba kukipeleka sokoni, kinabaki pale pale. Na kwenye mashikio mengine kuna mihuri, majina ya wenyewe.

Nikamwambia hilo hata mimi ningekwambia bila digrii. Tulicheka sote, nikaendelea kukanda udongo wangu. Sasa niseme ukweli: lundo langu halikunijia akilini hata kidogo. Lundo la Mroma ni historia. Langu lilikuwa takataka, panya wanazalia mle ndani, na kila mwaka nilisema nitalitoa.

Halafu akamaliza digrii ya kwanza, akaingia ya pili, na simu zikapungua. Kuna mradi ulikuja kutoka Uhispania. Profesa mmoja wa huko anachimba matanuri ya amfora kando ya mto, kusini mwa nchi yao, na ana malundo makubwa ya vilivyoharibika, lakini kuna jambo linamsumbua: lundo la ukubwa fulani ni mioto mingapi? Vyungu vizima vingapi vilitoka hapo vikaenda? Mroma hawezi kuulizwa. Kwa hivyo alitaka mfinyanzi aliye hai, mwenye lundo lake ambalo halijaguswa, la zamani likiwa chini na la juzi likiwa juu, alikate katikati na kulihesabu huku mwenyewe akiulizwa. Mwanafunzi atakayempeleka kwenye lundo la namna hiyo angepata nafasi moja iliyokuwepo, ya kwenda Uhispania miaka minne kusomea udaktari. Maxine wangu alimwandikia kwamba analijua lundo moja Kericho, la miaka hamsini. Haya yote niliyajua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba mtoto anatafuta kwenda ng'ambo, na mimi nilikuwa nikiomba usiku na mchana apate.

Simu ilikuja Alhamisi. Mimi na mtoto wangu tunaongea Kijaluo tangu azaliwe. Siku hiyo alinisemesha Kiswahili, tena kile cha kwenye redio. Akasema habari yako mama, Jumanne tutakuja na wageni kutoka chuo kikuu na profesa kutoka Uhispania, wangependa kuona mahali unapochomea vyungu, tafadhali usihangaike kwa lolote. Nikamjibu kwa Kijaluo, nikamuuliza amekula, mbona anaongea hivyo. Akasema ndiyo, asante sana mama, akakata.

Usihangaike. Sasa niambie, ni mwanamke gani ataambiwa mzungu anakuja kwake kisha akae tu? Nilitoka nje nikaangalia boma langu kwa macho ya mgeni, nikaona aibu. Majivu. Nyasi nusu zimeungua. Na lile lundo, limeinuka huko nyuma, majani ya kuwasha yamelizunguka. Halafu kuna barabara. Kutoka lami mpaka kwangu ni kipande kifupi tu, lakini ni matope ya kumeza gari. Mwezi wa nne lori la kuni lilikwama hapo siku mbili. Nikaona mzungu amevua viatu, mtoto wangu anasukuma gari, na wanasema, huku ndiko mlituleta?

Bosibori ni jirani yangu, anachuna chai kwenye shamba la jirani yetu mwingine, na ana wilbaro. Ndiye aliniambia hivyo vipande ni kokoto ya bure. Jumamosi tukaanza. Tulitoa lundo lote, kuanzia juu tukishuka, tukalimwaga kwenye nyayo za magari, tukapondaponda kwa kisigino cha jembe mpaka kukakaa sawa. Vya chini kabisa vilikuwa vyekundu, vinene, kazi ya mama mkwe. Niliviona na nikasikia vibaya kidogo, halafu nikavimwaga. Jumatatu jioni barabara ilikuwa imefungana vizuri. Bosibori alisema hii sasa hata bibi harusi apite na viatu vyake vya juu. Nikarudi nyuma ya nyumba, nikafagia mahali pa kuchomea na pale palipokuwa na lundo, nikazoa majivu, nikapapaka mavi ya ng'ombe pakawa laini. Halafu nikachagua vyungu kumi na viwili, vile vizuri, nikaviosha, nikavipanga mbele kwa ukubwa.

Jumanne mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, na mimi nilikuwa langoni. Gari likakunja kutoka lami, nikalisikia likikanyaga vile vipande, krr, krr, bila kuteleza hata mara moja. Nilifurahi, siwezi kudanganya. Nilisema moyoni, Maxine ataona mama yake anajua kupokea watu.

Walishuka watatu. Profesa, mwanamke mrefu wa nywele fupi, jina lake Urrutia. Daktari Okemwa, mwalimu wa Maxine, Mkisii mmoja mpole. Na Maxine, amekonda, amevaa miwani nisiyoijua. Nilikuwa nimefungua mikono yote miwili. Yeye alinyoosha mmoja, akanisalimia kama unavyomsalimia mtu wa benki, akageuka akawaambia, "Huyu ndiye Mama Celine. Mfinyanzi wetu."

Mama Celine. Hata sikujua ni nani anaitwa. Nilifikiri labda ni mambo ya chuo, kwamba kwenye karatasi lazima wataje jina la kitambulisho. Nikawakaribisha ndani. Maxine akasema hapana, wageni wangependa kukaa nje, hewa ni nzuri. Ndani ukutani ndiko kuna picha yake ya mahafali, amevaa joho na mimi niko kando nimemshika mkono. Wakati huo sikuunganisha.

Profesa alipita vyungu vyangu kumi na viwili akatabasamu bila kusimama. Alikuwa na kamba, vigingi, na burashi ndogo kwenye mkoba. Maxine alikuwa mbele yake, anatembea haraka, anamweleza jambo kwa Kiingereza huku akionyesha kwa mkono, na walipozunguka kona ya nyumba ule mkono ukabaki hewani. Nikafika. Walikuwa wamesimama wote watatu, wanaangalia sakafu yangu niliyopaka.

Daktari Okemwa akauliza polepole, "Mama, hapa palikuwa na vipande?"

"Vilikuwa vingi sana," nikamwambia, "lakini msijali. Nimeviondoa vyote."

Maxine alifunga macho. Profesa aliuliza kitu, Daktari akamjibu, na nikaona yule mama wa kizungu anaweka mkoba chini taratibu. Nikajua nimekosea, ila sikujua kosa ni gani. Nikaanza kueleza haraka haraka, kwamba havijapotea, viko barabarani, mmepita juu yake mkija. Nikawapeleka. Profesa akapiga magoti kwenye matope na suruali yake safi, akaanza kuchomoa kipande kimoja kimoja kutoka kwenye alama ya gurudumu. Akaweka mdomo wa chungu cha mama mkwe kwenye kiganja kimoja, na wangu kwenye kingine, akavitazama kwa muda mrefu. Alikuwa anajua anachoshika, hilo siwezi kumnyima.

Daktari Okemwa ndiye alinieleza, na alinieleza kwa heshima, amechuchumaa kando yangu pale kwenye vipande ili nisimwangalie juu. Alisema pale nyuma kila moto ulikuwa umelala juu ya mwenzake, mwaka juu ya mwaka, na wao wangelikata lundo wakahesabu kutoka chini mpaka juu. Sasa kila kipande bado kinasema kilitengenezwa na nani. Hakisemi tena ni lini. Na kwa sababu ya hiyo lini ndiyo profesa alikuwa amepanda ndege.

Nilimwambia nitavirudisha. Nina wilbaro, nipeni siku tatu, nitavirudisha vyote na vitafika kifuani kama vilivyokuwa. Walitazamana, wakanionea huruma. Mimi sijawahi kuonewa huruma kwa kazi yangu, hata siku nilizoharibu moto mzima. Nilitamani ardhi inimeze na wilbaro ya Bosibori.

Nikasema basi nilete chai. Maxine akasema atanisaidia kubeba vikombe, akanifuata jikoni, na hapo tu ndipo akaniongelesha Kijaluo. Akaniuliza kwa nini, mama, kwa nini, miaka hamsini hakuna mtu aliyeligusa, kwa nini wiki hii. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia nisiliguse. Akasema Daktari alikuwa amekaa kando yake na simu ilikuwa kwenye spika. Nikamwambia lakini simu inaweza kupigwa mara ya pili. Aliangalia mlangoni, akateremsha sauti.

"Kwenye fomu waliuliza kama nina undugu na mfinyanzi. Niliandika hapana."

Niliweka birika chini. Alieleza, maneno yanakimbizana, kwamba angeandika ndiyo wangesema anapendelea, wangesema huo si utafiti ni mambo ya nyumbani, na wanafunzi wengine walikuwa na barua za watu wakubwa na yeye alikuwa na lundo tu. Akasema tafadhali, nisimharibie zaidi, niendelee tu kuwa Mama Celine mpaka waondoke. Nilimsikiliza. Nikakumbuka kuna mwanafunzi mwenzake aliwahi kuja huku na akaniambia anafurahi kukutana na mama wa Maxine, kwani siku zote alijua mama yake ni karani wa kiwanda. Nilidhani huyo mwanafunzi amechanganya watu.

"Ni fomu, Maxine," nikamuuliza, "ama ni mimi?"

Alichukua vikombe, akatoka.

Tulikunywa chai nje. Hasira ilikuwa imenipanda mpaka kwenye macho, lakini nilimimina bila kumwaga. Profesa alikunywa yake yote, akasifu. Halafu wakaongea sana, yeye na Daktari, na nilisikia jina la Maxine mara mbili tatu, na kuna wakati profesa alinyanyua vidole vyake akavishusha kimoja kimoja kama anayepanga vitu juu ya vitu. Uso wake ulikuwa umerudi kuwa na matumaini. Daktari akageuza kiti kunielekea. Alisema wanataka kujaribu jambo moja. Mimi nilikuwa nachoma tu, miaka mingi kwenye lundo lenyewe nilikuwa siendi, nilikuwa natupa kwa mikono ya wengine, si ndiyo? Nikasema ndiyo. Basi aliyekuwa anabeba na kumwaga ndiye aliyeona lundo linavyopanda.

"Mama," akasema, "una mtoto yeyote aliyekulia hapa? Hata mmoja tu?"

Nilimtazama mtoto wangu. Nilimpa muda, mbele ya Mungu nilimpa. Lilikuwa neno moja tu, na lilikuwa lake, kwa sababu yeye ndiye aliyeandika hapana na yeye ndiye angeweza kuifuta. Angesema ni mimi, huyu ni mama yangu, hilo karai nililibeba mimi, ningekuwa nimemsamehe kabla hajamaliza kusema. Alikuwa ameinamia daftari. Alikuwa na kalamu tayari, anangoja jibu langu aliandike.

Huku kwetu mwanamke hamkani mtoto aliye hai, hata kwa mzaha, ni kama kumzika. Mimi nimezika wawili. Nilifungua mdomo na nikasikia sauti yangu inatoka kama ya mtu mwingine.

"Sina," nikasema.

Na akaandika. Niliona kalamu ikitembea. Daktari Okemwa alisema pole sana mama, akamwambia profesa, na yule mama akavishusha vidole vyake mapajani akatazama majani ya chai kule ng'ambo ya bonde. Hawakukaa sana baada ya hapo. Profesa aliomba vipande viwili vya ukumbusho, nikampa. Maxine alinipa mkono tena, akasema asante mama, Mungu akubariki, akapanda nyuma ya gari. Nilibaki langoni mpaka ile krr krr ikaisha na wakafika lami.

Jioni Bosibori alipita akitoka kuchuna, kikapu bado mgongoni, akataka kujua kama wageni walikwama. Nikamwambia hawakukwama. Alifurahi sana. Akasema unaona, na wewe ulikuwa unasema hivyo vipande havina kazi, halafu akauliza Maxine yuko wapi amsalimie. Nikamwambia alikuwa na haraka.

Wiki tano nilikaa bila simu. Nilichoma mara mbili, na kilichoharibika sikujua nikitupe wapi, nikawa nakiacha pale pale kwenye majivu. Kanisani waliniuliza kama mtoto amepata ile nafasi ya ng'ambo, nikasema tunaomba. Mimi nilikuwa naomba kweli. Hasira na maombi vinakaa pamoja vizuri tu, mtu asikudanganye.

Siku alipopiga ilikuwa saa nne asubuhi, niko bondeni nachimba udongo, na aliongea Kijaluo. Alikuwa analia, nikatoka kwenye shimo nikakaa kwenye nyasi. Nafasi amepewa mwingine, aliyempeleka profesa kwa wafinyanzi wa mahali pengine. Nikamwambia pole mwanangu, na ilitoka moyoni, kwa sababu hata ukiwa na hasira naye huwezi kufurahia. Lakini kilichokuwa kinamliza si hicho peke yake. Daktari Okemwa alikuwa amemwita ofisini, akamwambia kwa masikitiko kwamba siku ile profesa alikuwa tayari kumpa. Walikuwa wamewahi kufanya hivyo mahali, lundo likiwa limeharibiwa: wakapata mtoto wa nyumba hiyo, wakakaa naye, akalichora lundo upya kwa kumbukumbu, moto juu ya moto, na ikakubaliwa. Ule undugu ulioulizwa kwenye fomu wala haukuwa neno. Unaandikwa tu kwenye karatasi kwamba upo, basi. Walihitaji mtoto mmoja, na mfinyanzi alisema hana.

Nilikuwa na matope mpaka kwenye viwiko, na simu nilikuwa nimeishika kwa ncha za vidole.

"Mama, mbona ulisema huna?" akaniuliza. "Wewe ndiye ungesema. Mimi singeweza. Ulikuwa unajua siwezi. Ungesema tu, ninaye, ndiye huyu hapa."

"Nilikuwa nakungoja useme wewe," nikamwambia.